Mihogo ya Motere

Ukitaka kumkasirisha Consolée, usihangaike kumtukana. Acha chakula kwenye sahani yake, uinuke, uende zako. Wapakiaji wa mchanga wa Mulongwe wanalijua hilo vizuri, na yeyote aliyewahi kuthubutu aliitwa kwa jina lake lote mbele za watu, akarudishwa kwenye benchi, akakaa kama mtoto wa shule mpaka sahani ikang'aa.

Resto yake, yaani kibanda chake cha chakula, haina jina. Ni nguzo sita, mabati machache yenye kutu, benchi mbili ndefu na meza moja iliyopinda, hatua kadhaa tu kutoka mto Mulongwe. Mto ule ukijaa huwanawisha wateja miguu bila kuombwa. Umeshaichukua resto mara mbili, na mara mbili Consolée ameijenga upya. Mara ya pili watu walimshauri aisogeze mbali na maji. Akaisogeza hatua kumi, akasema zaidi ya hapo wateja watachoka kutembea na uchovu utawaondolea hamu ya kula.

Anapika bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese, maharage, na siku ambazo ziwa limekuwa na huruma, ndagala, wale dagaa wa ziwani. Vyote hivyo unaweza kuvipata kwingine mjini Uvira. Watu humfuata yeye kwa ajili ya matabishi.

Kila soko la mji lina matabishi yake: nyanya moja zaidi juu ya fungu, kijiko kimoja zaidi cha chumvi, ile nyongeza anayotia muuzaji ili mnunuzi aondoke akitabasamu. Consolée aliipandisha cheo. Kwake, mtu aliyemaliza donge lake la bugali husukuma sahani mbele bila kusema neno, naye humwekea donge la pili la ukubwa wa ngumi, bure. Donge hilo lina sheria yake. Anayelila amekuwa mtu wa nyumbani. Hanawi tena kwenye ndoo ya wateja, ananawa kwenye beseni la familia, lile la bluu lililo karibu na jiko. Na mtu wa nyumbani haiharibii nyumba, wala nyumba haimharibii yeye. Waliogombana mchana kutwa wakiletwa kwenye benchi lile na kula matabishi pamoja, ugomvi wao umekwisha, na asiyekubali asirudi.

Sheria hiyo aliitoa kwa mama yake huko Kiringye, kwenye tambarare ya Ruzizi, alikozaliwa mtoto wa tano wa wakulima. Mama yule alikuwa akimpima mgeni kwa donge la pili. Akilikubali ni ndugu. Akilikataa ni mpita njia, apewe maji aende salama. Hata mwanamume aliyekuja kumposa Consolée alipimwa hivyo hivyo, naye alikula donge la pili, la tatu na la nne, mpaka mama akauliza pembeni kama kijana ametumwa na ukoo au ametumwa na njaa.

Kijana huyo ndiye Révérien, mumewe hadi leo. Ni fundi wa motere, yaani injini, za mitumbwi, mwembamba, mwenye maneno mengi, na mikono yake hunuka esanse, yaani petroli, hata Jumapili kanisani. Consolée ni mnene na amefurahi kuwa hivyo. Kicheko chake husikika ng'ambo ya mto, na wanaomjua husema kwamba akicheka, hata sufuria hutoa mvuke zaidi. Wana watoto wanne. Mkubwa, Nicole, anamaliza sekondari na ana mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote katika mtaa.

Habari za mihogo ya motere zililetwa nyumbani na Révérien mwenyewe, na alizileta kwa furaha.

Kampuni moja ilikuwa imefika tambarare na kujenga kiwanda cha kugeuza mihogo kuwa pombe kali isiyonywewa na mtu, ya kuchanganywa na esanse na kutiwa kwenye magari. Radio iliisifu asubuhi na jioni: mafuta yanayolimwa shambani, mafuta safi, mafuta yasiyochafua hewa. Wakati huo esanse ilikuwa imepanda mpaka wavuvi wengi wakaweka motere zao ndani na kurudia kasia, na fundi wa motere asiye na motere za kutengeneza ni mtu wa kukaa mlangoni akihesabu wapita njia. Révérien aliona milango ya mbinguni imefunguka.

"Consolée," alisema, "sasa motere itakula shamba."

"Na siye tutakula nini?" aliuliza mkewe. "Tanki?"

Walicheka mpaka majirani wakauliza kulikoni. Siku ile ilikuwa bado ni mzaha.

Na tusiwe waongo, mwanzo ulikuwa mzuri. Kampuni iliwagawia watu wa Kiringye vipando vya muhogo mrefu wenye shina jekundu, ikawapa na maturubai makubwa ya kuanikia mavuno. Ikanunua kila kilichong'olewa. Thierry, kaka yake Consolée, aliezeka nyumba yake kwa mabati mapya na kumpigia dada yake simu ili tu asikie mvua inavyopiga juu yake. Kila mkulima alitia sahihi kwenye karatasi, kontra, na aliyeshindwa kuandika alitia dole gumba. Agronomu wa kampuni, yaani bwana shamba wake, kijana mmoja mpole aitwaye Hyacinthe, mwenye buti za mpira za manjano, alipita shamba kwa shamba akiwaonya watu. Muhogo huu hauliwi, aliwaambia. Ni mchungu, una sumu, ni wa motere. Akina mama wakawakataza watoto hata kuchezea majani yake.

Kila mtu alipanda wa motere. Nani angepanda wa kula, wakati wa motere una mnunuzi anayekusubiri barabarani na lori?

Ndipo kopo lilipoanza kusema. Pale Mulongwe unga hupimwa kwa gigoze, yaani kopo tupu la maziwa ya watoto. Zamani muuzaji alimimina mpaka unga ukasimama juu ya kopo kama kilima na kumwagika pembeni, na kilima chote kilikuwa chako. Kwanza kilima kikapungua. Kisha wauzaji wakaanza kukipangusa kwa kiganja, unga ukalingana na mdomo wa kopo. Kisha yakaonekana makopo ambayo chini yake yamegongwa kwa nyundo yakaingia ndani. Na kwa kila hatua hiyo ya kupungua, bei ilikuwa ikipanda ngazi.

Akina mama waliozoea kununua kwa gigoze wakaja kununua kwa kikombe, kisha nusu kikombe, wakiweka unga katika kona ya kitenge na kuifunga fundo. Nyumba zilizokuwa zikipika mara mbili zikapika mara moja. Mwalimu wa Nicole alisema watoto wa madarasa ya chini wanalala juu ya madawati kabla ya saa nne. Na Kiringye kwenyewe, chini ya mabati yale mapya, watu walikuwa wakienda hadi Bwegera kutafuta mchele, na unga waliununua kwa bei ya mjini. Wakulima wa mihogo, wananunua unga wa muhogo. Thierry alipomweleza dada yake jambo hilo kwa simu aliona haya, akasema mtandao unakatika.

Révérien naye alipata fungu lake. Alijipatia dumu la mafuta yale, akayajaribu kwenye motere ya rafiki zake wavuvi. Siku mbili motere iliimba. Siku ya tatu, katikati ya ziwa, mipira yote ya ndani ilikuwa imevimba na kupasuka, motere ikanyamaza. Wanaume wanne walirudi ufukweni kwa kasia moja, ubao wa kukalia, na kikaango cha ndagala alichopewa fundi ili apige nacho maji. Alifika nyumbani ameloa mpaka kichwani, akasema motere imelewa.

"Imekunywa bugali ya bantu makumi mbili," Consolée alimwambia, "na imeshindwa hata kurudia nyumbani. Weye ukilewa, walao unarudi."

Alimwambia huku akimkausha nywele, na wote wawili walicheka. Lakini usiku ule Révérien aliacha kuyasifia mafuta ya shambani, na hakuyarudia tena.

Kitu kilichomuumiza Consolée kilikuwa donge. Alilipunguza kidogo, akitumaini halitaonekana. Akalipunguza tena. Watu wa benchi, kwa adabu, walijifanya hawakuona, isipokuwa Cyusa, mpakiaji wa mchanga, mrefu, aliyelelewa juu kwenye milima ya ng'ombe, na ambaye tumbo lake lilikuwa refu kama miguu yake. Yeye kila siku alilisalimia donge lake kabla ya kulila, akiuliza mtoto huyu amezaliwa lini na mama yake anaendeleaje. Consolée alicheka na wengine, ila kicheko hakikuvuka mto.

Kisha ikafika siku ambayo Cyusa alisukuma sahani yake mbele, kama alivyofanya kwa miaka saba, na Consolée akamwambia sufuria imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kulikuwa na donge moja chini ya kifuniko, nalo alikuwa amewawekea watoto wake. Cyusa aliinuka, akalipita beseni la bluu, akaenda kunawa kwenye ndoo ya wateja.

Hilo ndilo lililomchoma. Kesho yake alirarua boksi la sabuni, akampa Nicole aandike kwa mwandiko wake mzuri HAKUNA MATABISHI, akalitundika kwenye nguzo. Alilia jikoni, na Révérien alipoingia akamwambia ni moshi. Kisha akamwambia ukweli. Kama matabishi yamekufa, pale hapatakuwa tena nyumba ya watu, patakuwa mahali pa kuuzia chakula tu, na mahali pa namna hiyo yeye hapataki. Alijipa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha hajapata unga wa kurudisha donge la pili, anafunga, anauza sufuria, anakwenda kupakia mchanga pamoja na Cyusa. 

Wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, Consolée alipanda pikipiki kwenda Kiringye. Alitaka kuona kwa macho yake kama ndugu zake wote hawana hata kona moja ya muhogo wa kula. Njiani mvua ya usiku uliopita ilikuwa imebeba daraja dogo. Malori yalikuwa yamepangana upande huu yamezima injini, na vijana waliwavusha watu mgongoni. Waliomtazama Consolée waliangaliana kwanza, kisha wakaja wawili. Alivuka akicheka, viatu mkononi, akiwaahidi kwamba wakifika Uvira watakula.

Alipoingia kijijini alidhani kuna msiba. Kando ya barabara, kutoka nyumba ya kwanza hadi kanisani, yalikuwa malundo ya mihogo yenye udongo bado, na pembeni ya kila lundo watu wameketi wameshika tama. Kampuni ilikuwa imeamuru kila mtu ang'oe Jumamosi. Malori yaliyopaswa kuja kuchukua ndiyo yale aliyoyaacha ng'ambo ya daraja lililokatika. Na muhogo uliong'olewa haungoji, ukifika siku ya tatu au ya nne unaanza kuwa mweusi ndani, na kiwanda hakipokei mweusi. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inaoza mbele ya macho yao, nao hawawezi hata kuitia mdomoni. Thierry alimkumbatia dada yake, akamwonyesha lundo lake.

Mtu mmoja tu ndiye hakushika tama. Koko Anne-Marie, rafiki wa marehemu mama yake Consolée, bibi aliyepita miaka themanini na asiyekubali kuambiwa ameipita kwa kiasi gani, alikuwa ameketi kwenye lundo la Thierry kama kwenye kiti. Alivunja muhogo, akautafuna kidogo kwa meno aliyobaki nayo, akautema, akaanza kucheka.

"Ile banaita sumu, minye nilikula tangu niko mutoto," alisema. "Mama yako naye alikula. Mulisahau kuilowesha tu."

Mihogo yote ya tambarare ilikuwa michungu zamani. Watu waliimenya, wakailaza katika vidimbwi vya maji siku nne mpaka ikalainika na uchungu wake ukaondoka na maji, kisha wakaianika, wakaitwanga. Baadaye ikaja mihogo mitamu ya kung'oa leo na kupika leo, mabinti wakasahau vidimbwi, na wajukuu hawakuvijua kabisa. Wale wakubwa wa kampuni, waliotoka mbali na hawakumuuliza bibi hata mmoja, walichagua muhogo mchungu kwa makusudi, ili mtu asije akauiba akala. Katika nchi nzima walikuwa wamekuja kuuficha kwa watu waliokua wakiula.

Consolée alidhani ni kilio kinamjia, kikawa kicheko, kile chake chenyewe, cha kuvuka mto. Watu waliinua vichwa.

Lakini mihogo ni ya nani? Thierry alitoa kontra kutoka kwenye sanduku la bati na kuisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilisema mihogo inakuwa mali ya kampuni pale inapopimwa kwenye mizani. Wote waligeuka kuiangalia mizani ya kampuni. Ilikuwa imesimama mwisho wa shamba, ingali imevikwa plastiki yake dhidi ya mvua.

"Imepima kitu?" aliuliza Koko Anne-Marie.

Thierry alisema haijapima hata punje.

"Bon. Basi iko yetu."

Siku nne zile Consolée hazisahau. Kijiji kizima kilishuka kwenye kijito cha pembeni, mbali na mahali pa kuteka maji ya kunywa, wakafukua vidimbwi vya bibi zao vilivyoota majani. Wanaume walibeba, wanawake walimenya, na mikono ya Consolée, iliyodhani imesahau, ilikumbuka yenyewe. Alimpigia Révérien simu kwamba harudi karibuni. Révérien akauliza watoto watakula nini. Akamwambia yeye ni fundi, afungue sufuria aone ndani kuna nini.

Siku ya tatu mihogo ilikuwa imelainika, harufu yake imeenea kijiji kizima, ile harufu kali ambayo wageni huziba pua na ambayo Consolée aliivuta kwa nguvu kama mtu aliyerudishiwa utoto wake. Thierry alisema imetosha, watoe leo, watu wana njaa. Koko Anne-Marie alikuwa ameketi kwenye jiwe la kidimbwi tangu alfajiri, fimbo juu ya magoti.

"Siku ine ni siku ine," alisema. "Ukitoa leo, utalisha bantu sumu ndani ya bugali. Mutoto atashindwa kutembea, na weye utasema ni njaa ilikuwa inakuharakisha?"

Hakuna aliyegusa maji mpaka kesho yake. Kisha jua likatoka, kama vile lilikuwa limealikwa, na mihogo ikaanikwa kwenye maturubai ya kampuni, myeupe juu ya bluu, toka kanisani hadi shuleni. Usiku watoto walizunguka na vibatari kufukuza mbuzi, na mchana kwaya ilifanyia mazoezi yake pale pale. Makopa yalipokauka yakatwangwa, mengine yakapelekwa kwenye mashine. Donge la kwanza Consolée alilipika mwenyewe na kulila mwenyewe, na Koko Anne-Marie pembeni yake, mbele ya kila mtu, bila mboga, ili kama kuna ubaya uwakute wao. Walikaa hivyo mpaka jioni. Kilichowapata ni usingizi.

Alirudi Mulongwe na magunia saba ya unga, yaliyovushwa darajani mgongoni mwa vijana wale wale, mengine ya ndugu zake ya kuuza, mengine yake. Ule wa kuuza aliupima kwa gigoze isiyogongwa, akamimina mpaka kilima kikasimama, na mama mmoja aliyekuja na kona ya kitenge ikabidi afungue kitenge chote. Ndani ya siku chache wauzaji wengine walianza kukumbuka jinsi kilima kinavyojengwa. Donge la sahani likarudi ukubwa wake. Cyusa aliliamkia akasema mtoto amekua, amefanana na baba yake.

Boksi la Nicole lilibaki kwenye nguzo. Consolée hakuthubutu bado. Alijua kampuni itasikia, na aliogopa kurudisha matabishi leo, kisha kesho mihogo ichukuliwe, awe amewadanganya watu wake mara ya pili.

Kampuni ilisikia siku ya Alhamisi, saa sita, kwa namna ambayo Consolée hakuitegemea. Kijana mmoja aliingia kwenye resto, matope mpaka magotini, akaketi mwisho wa benchi na kuomba chochote kilichoiva. Alikuwa ametoka kiwandani, akavuka daraja lile bovu kwa miguu kuja kutafuta lori dogo mjini. Cyusa aliangalia chini ya meza, akaona buti za mpira za manjano, akamwangalia Consolée. Révérien, aliyekuwa amekuja kula, naye aliziona. 

Consolée angeweza kumpa chakula na kunyamaza. Alimpa chakula. Hyacinthe alikula kwa haraka kwanza, kisha polepole, akilifinyanga tonge na kuliangalia.

"Mama," alisema, "unga huu umetoka wapi? Tangu nifike huku sijala bugali kama huu."

Mwaka ule Consolée alikuwa amewaambia wateja uongo mmoja, ule wa sufuria, na ulikuwa umemtosha.

"Iko ya Kiringye," alisema. "Ni ile mihogo yenu ya motere. Tuliilowesha siku ine. Mizani yenu haikuwa imeigusa, na bantu balikuwa na njaa."

Mkono wa Hyacinthe ulisimama kati ya sahani na mdomo. Consolée alikata tonge kutoka kwenye sahani yake yeye, akalichovya kwenye sombe yake, akalila taratibu huku amemkazia macho. Kijana alishusha pumzi. Kisha akainamisha kichwa, na wote waliweza kuona anawaza nini, kwa sababu wao pia walikuwa wakiliwaza: ripoti, wakubwa wake, Kiringye nzima na karatasi zake za dole gumba. Inua simu tu, na magunia yatafuatwa.

Alipoinua kichwa alikiona kile kibao cha boksi kwenye nguzo. Akauliza kwa nini hapa hakuna matabishi. Cyusa ndiye aliyemjibu. Alimweleza yote kwa utaratibu: donge la pili, beseni la bluu, mama wa Kiringye na wageni wake, na kwamba mtu wa nyumbani haiharibii nyumba. Alimweleza pia ni tangu lini yamekoma, na ni kwa sababu ya nini. Hakuinua sauti. Hyacinthe alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye sahani yake, akala mpaka ikang'aa.

Kisha akaisukuma mbele, bila kusema neno.

Consolée hakujua mikono yake inafanya nini. Alikishusha kibao, akakikunja, akakiingiza chini ya mguu wa meza iliyopinda, nayo ikasimama sawa kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Alikwenda jikoni. Donge alilorudi nalo halikuwa ngumi ya mtu yeyote wa Uvira, lilikuwa ngumi mbili. Kabla halijatua, Cyusa alikuwa ameshasukuma sahani yake, na Révérien ya kwake, na benchi nzima ikafuata, sahani zikigongana katikati ya meza. Consolée alicheka huku akilia, na safari hii hakuusingizia moshi.

"Ripoti yangu ni kile mizani imepima," Hyacinthe alisema akiwa anakula. "Haikupima kitu."

Msimu uliofuata watu wa Kiringye waliiambia kampuni kwamba watauza mihogo itakayobaki baada ya vidimbwi kujaa, na agronomu wao ndiye aliyesimama kuitafsiri kauli hiyo kwa wakubwa, kwa Kifaransa kizuri, bila kupunguza neno. Wakubwa walinung'unika, wakakubali, kwa kuwa mashamba mengine hawakuwa nayo. Koko Anne-Marie ana mabinti kumi na wawili anaowafundisha kuhesabu hadi nne. Révérien amerudi kwenye motere zinazokunywa esanse, na husema zake zina adabu.

Lakini siku ile ya Alhamisi hayo yote yalikuwa bado. Kijana alimaliza donge lake la pili, akainuka na buti zake za matope, na resto nzima ikamfuata kwa macho. Alifika kwenye ndoo ya wateja. Akaipita, akaenda kuinama kwenye beseni la bluu, kati ya Cyusa na mama mwenye nyumba, nao wakamsogezea sabuni.